Henri Yuko Ziwani

Benchi la kwa Waridi muuza kahawa, hapa Baraka, Kongo, karibu na soko, halina mwenyewe, ila ukimkuta Casimir amekalia upande wa ukuta usijisumbue kumwomba asogee. Tunamwita Avocat, yaani wakili, ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, tena kwa kesi ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani. Pembeni yake hukaa Nasoro mwenye boti, ambaye tunamwita Moteur, yaani injini, kwa sababu akianza kusema hazimiki. Jumapili moja tulikuwa tunataniana huku tukinywa kahawa ya tangawizi mpaka Wilfried alipofika. Alikaa bila kusalimia, na Wilfried si mtu wa kukaa bila kusalimia.

– Nimemwambia, akasema.

Hatukuuliza nani. Mama yake yuko katika nyumba ya wazee waliyoijenga waumini kule juu, na kumbukumbu zimemtoka kidogo kidogo hata Wilfried kwake ni mgeni tu. Anayemkumbuka ni Henri, mwanawe mkubwa, aliyeuawa kijijini Makobola wakati wa vita. Wilfried na mama wakakimbilia Tanzania bila kumzika, wakarudi baadaye. Kila siku mama anamuuliza Pulchérie, mwanamke anayewatunza wazee, Henri yuko wapi. Pulchérie hujibu kwamba yuko ziwani, atarudi na samaki. Mama anatulia, anakula.

Jambo hilo lilimkera Wilfried siku nyingi, na mimi namwelewa. Aliyekufa anangojwa, aliye hai haonekani. Basi asubuhi hiyo Pulchérie alipotoka kwenda sokoni, Wilfried aliingia akamwambia mama yake ukweli. Mama akavua kitambaa cha kichwa, akashuka kitandani, akakaa sakafuni, akaanza kilio upya, kana kwamba Henri amekufa leo.

– Ulifanya bien, Avocat akasema. Mama iko muntu, haiko mutoto. Kumudanganya kila siku ni kumudharau.

– Kesho atasahau, atauliza tena, Moteur akamjibu. Utamuua Henri kila siku?

Hapo ndipo walipoanza. Moteur alisema kosa la Pulchérie si uongo, ni kuchagua uongo wa karibu; ziwa linaonekana dirishani na boti zinarudi. Henri apelekwe Kigoma, apewe duka, apewe mke, na baadaye watoto. Avocat akakataa. Kwake tatizo ni kwamba mama hakuona kaburi. Ukatwe mgomba badala ya maiti, uvikwe sanda, uzikwe uani kwa nyimbo za korali, macho yaisaidie akili. Moteur akauliza itakuwaje akisahau na mazishi yenyewe. Avocat akasema wataweka kibao. Mama hajui kusoma, Moteur akamkumbusha, na Avocat akasema basi wataweka picha.

Nami nikatia langu. Nikasema Wilfried akubali tu kuitwa Henri, mama afurahi, yaishe.

Alinitazama, macho yamemwiva.

– Na mi? Mi nitakuwa nani?

Waridi akamwongezea kahawa.

Hakuwa amemaliza kumimina Pulchérie alipotokea upande wa soko, beseni la ndagala, dagaa wa ziwa letu, kichwani, anarudi kazini. Avocat akamsimamisha, akamweleza yote kama anayesoma hukumu: kwamba mwenye mama amesema ukweli, na uongo wake umefika mwisho. Tulingoja ajitetee. Alitua beseni, akamgeukia Wilfried.

– Mama iko analia?

– Iko analia.

– Iko chini?

– Iko chini.

– Na nani?

Wilfried alikuwa amemwacha peke yake, akaja kwetu. Kwetu mfiwa akishakaa chini haachwi peke yake. Hata mliyegombana naye anakuja, anatandika kitenge, anakaa karibu naye bila kusema neno, mpaka anyamaze. Hilo kila mmoja wetu analijua tangu utotoni. Wilfried alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu.

Pulchérie hakungoja jibu. Aliliacha beseni miguuni petu, akapandisha barabara karibu akimbie. Wilfried akamfuata. Sisi tuliobaki hatukutazamana.