Madoa Matatu Shingoni mwa Gita

Benchi la kijiweni kwa Mama Kahawa lilitosha watu watatu. Asubuhi ile walikaa wawili, Kinyozi na karani mstaafu waliyemwita Profesa. Kwenye nafasi ya tatu lililazwa gita lisilo na nyuzi. Lilikuwa la marehemu kaka yake Fundi Viatu; kibanda cha Fundi kiliegemea ukuta wa kijiwe hicho. Mama yao alitaka kulitundika sebuleni, lakini shingo iwe nyeusi kama siku lilipoingia nyumbani, maana pale panapobonyezwa nyuzi rangi ilikuwa imechujuka. Wiki mbili Fundi alikuwa amelowesha waya wa kusugulia sufuria ndani ya siki, apate maji ya kutia ubao weusi. Sasa alichuchumaa mbele ya gita, chupa mkononi.

— Inanuka kama achari iliyosusiwa, alisema Kinyozi. Paka piko, ile ya mvi. Wazee wangapi nimewarudisha ujanani?

— Na jua likiwaka wanachuruzika mpaka kwenye kola, alisema Mama Kahawa.

— Unatanguliza chai ya rangi, nzito, alisema Fundi bila kuinua macho. Ikikauka ndipo unapaka hii. Ubao unageuka mweusi huku unautazama.

Profesa alikohoa.

— Nyie mnahangaika na nje. Ubao huiva kutoka ndani. Upigie nyimbo za majonzi miaka kumi, utaniambia.

— Basi huu ungekuwa mkaa, Profesa. Marehemu alikuwa na wimbo mmoja tu. Asubuhi huo, jioni huo. Wateja wangu walikuwa wanautikisia kichwa, nami nina wembe mkononi.

Walicheka. Fundi naye alicheka.

Mwanamke mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amesimama kando na kiatu kilichokatika mkanda, mguu mmoja peku.

— Samahani, mbona pamechujuka sehemu tatu tu?

— Ndipo alipobonyeza, dada, alisema Kinyozi. Wimbo mmoja, vidole vitatu.

— Wimbo gani?

Kinyozi alianza kuuimba kwa mdomo uliofumbwa.

— Huo si wake, ni wa redioni, alisema Mama Kahawa.

Profesa aliuanzia katikati, akakwama hapo hapo. Wote wakamgeukia Fundi. Alikumbuka chumba walicholala wawili, na kisigino cha kaka kikigonga mguu wa kitanda kufuata mdundo. Kisigino alikisikia vizuri kabisa. Wimbo haukuja.

Aliweka vidole vyake juu ya yale madoa. Vilienea. Akabonyeza, na ubao ukanyamaza.

— Chai yako ya kutanguliza iko tayari, alisema Mama Kahawa. Nikumiminie kwenye kopo?

— Nimiminie kwenye kikombe.

Fundi alifunga chupa ya siki.

— Gita nalipeleka hivi hivi. Pengine Mama kule nyumbani anakumbuka wimbo unavyoanza.

Kisha akanyoosha mkono kupokea kiatu cha yule mwanamke. Vidole vyake vitatu vilikuwa bado vimekunjika.