Bwana Kina Anaweka Chaki Chini

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Ofisi ya Mto inamuaga mpima kina wake, ambaye hata mhasibu alishasahau jina lake halisi na kumwita Bwana Kina. Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike mimi kwa sababu nilikuwa mkuu wake, na nadhani pia kwa sababu wamesikia daktari wangu anasemaje. Mtu wa hali yangu hana haja ya kumpaka mtu mafuta. Basi nitasema yote.

Kila asubuhi Bwana Kina alishuka ngazi za daraja na buti zake za mpira, akasoma nguzo yenye alama za kina, akachota maji kwenye glasi aone rangi yake, kisha akaandika mistari miwili kwa chaki kwenye ubao wa getini. Mstari wa kwanza ulieleza hali ya mto. Wa pili uliwashauri wavuvi wa ndoano waende wapi, saa ngapi, na kwa chambo gani. Mstari wa kwanza haukuwahi kukosea. Wa pili haukuwahi kupatia.

Hakuwa mzembe. Shida ni kwamba hakuwahi kushika ndoano maishani mwake, na aliwapa samaki busara za binadamu. Msimu wa joto, mto ukipungua, aliandika kwamba perege watapatikana saa sita mchana penye maji ya kina kifupi, maana nani hapendi kuoga kukiwa na joto? Msimu wa baridi aliwatoa watu kitandani alfajiri, akiamini kwamba samaki mwenye familia huamka mapema. Mto ukifurika na maji kugeuka tope, aliagiza ndoano zitupwe katikati, kwenye nafasi, na watu wasijisumbue na minyoo, kwa kuwa gizani hakuna anayechagua chakula.

Wavuvi walimpenda kupita kiasi. Mstari wa kwanza waliusoma ulivyo. Wa pili waliupindua. Akiandika mchana, wao walikwenda alfajiri. Akiandika katikati ya mto, wao walitega kwenye majani ya kingo yaliyofunikwa na maji, kwa minyoo inayonuka, na kambale waliwafuata huko huko. Mgeni akitokea na fimbo mpya ya kuvulia, kinyozi, aliyekuwa mwenyekiti wao, alimvuta pembeni. "Ndugu yangu, huu ubao ni dira safi kabisa. Ila sindano yake inaelekea kusini." Kisha alimgeukia mwenye ubao: "Bwana Kina, watoto wangu wanakula kwa ajili yako!" Wala hakudanganya. Bwana Kina alirudi ofisini kifua mbele.

Halafu tukafanya kosa la kumpeleka kozi. Alirudi na cheti na, kwa bahati mbaya, akawa sahihi. Ilikuwa msimu wa baridi. Aliandika: madimbwi yenye kina kirefu, mchana jua likishapasha maji, chambo kidogo, vuta polepole. Hakuna mvuvi ambaye angeweza kusema vizuri zaidi. Wavuvi wakaamka alfajiri, wakaenda penye maji ya kasi na madonge makubwa ya unga, wakarudi na mafua.

Hazikupita wiki nyingi kinyozi akaingia ofisini kwangu bila kubisha hodi.

"Mkuu, mmemfanya nini mtu wetu?"

"Amesoma."

"Basi msahaulisheni! Kwangu tunakula majani matupu mpaka mbuzi wa jirani ananiita shemeji."

Ningeweza kumwambia wausome ubao ulivyo. Lakini siri ingefika kwa Bwana Kina, naye angejua miaka yote ile walikuwa wanaupindua ushauri wake. Sikuthubutu. Nilimwita nikamwambia mto wetu una tabia zake, vitabu haviujui, arudie uzoefu wake. Alikunja cheti akakitia mfukoni. "Nilihisi hivyo, mkuu. Yule mwalimu hajawahi kuuona mto wetu." Akarudia makosa yake kwa moyo mweupe. Mwaka ule tukamtangaza mfanyakazi bora, na medali nilimvalisha mimi.

Jumapili iliyopita alikuja kunijulia hali. Binti yangu alimwekea kiti kando ya kitanda. Akasema anastaafu na furaha moja tu: watu walikula kwa maneno yake. Nikaona siwezi kuondoka duniani na hilo. Nikamweleza kila kitu, mpaka cheti, mpaka medali. Kisha nikasubiri ainuke aende zake, na ningemwelewa.

Alikiweka kikombe chake cha chai sakafuni.

"Lakini walikula?"

"Walikula."

"Na kinyozi?"

"Yule amenenepa kwa ajili yako."

Alitikisa kichwa, akacheka kidogo, akasema, "Washenzi wale." Halafu akasogeza kiti, akanitazama kuanzia miguuni hadi usoni kama aitazamavyo ile nguzo ya darajani, akatangaza kwa sauti ya kazini:

"Hali ya mgonjwa: maji yamepungua mno, rangi si nzuri." Akavuta pumzi. "Ushauri: mzee, jiandae. Mvua zijazo huzioni."

Binti yangu nusura aangushe sinia. Mpaka leo haelewi kwa nini nilimshika yule mtu mkono nikamshukuru mpaka machozi yakanitoka.

Bwana Kina, ofisi nzima inakushukuru kwa kila mstari ulioandika. Pumzika vizuri, ukae na wako kwa afya na amani, na buti zako zikauke hatimaye. Mimi nimeshamwagiza kinyozi aniwekee minyoo ya msimu wa mvua.