Difu Iliyofungwa Kinyume

Elroy: Haloo, haloo? Nani huyo anayemtoa mtu kwenye soseji zake?

Delmar: Unajua ni nani.

Elroy: Delmar! Umeamkaje, mzee mwenzangu? Mbona sauti—

Delmar: Nimeamka vibaya. Nijibu moja tu. Wiki hii umeingia gereji yangu nisipokuwepo?

Elroy: Gereji yako? Kufuata nini? Ina panya wengi kuliko spana.

Delmar: Usinichekeshe. Mtu amegusa trekta yangu.

Elroy: Ile ndogo ya bustani? Si bado unaitengeneza ekseli ya nyuma?

Delmar: Ndiyo hiyo! Niliiacha imefumuliwa yote. Difu, na gia zake zote za kuzungushia magurudumu, iko mezani juu ya magazeti, beringi mpya nimezilaza kwenye mafuta. Leo naingia, naikuta imesimama kwa magurudumu yake. Imefungwa! Bolti zote!

Elroy: Imefungwa.

Delmar: Nikasema, labda Elroy kanifanyia hisani. Nikaipeleka kwa Bi Irma, si unajua kila masika mimi ndiye ninayemlimia shamba lake la viazi. Natia gia ya kwanza, naachia klachi taratibu... inarudi nyuma, Elroy! Nyuma! Mpaka ndani ya banda la kuku!

Elroy: Kuku wame—

Delmar: Unacheka?

Elroy: Nakohoa. Na rivasi je?

Delmar: Rivasi ndiyo inakwenda mbele! Sasa hapo fundi gani atauliza? Gia kubwa ya difu imegeuzwa. Inatakiwa ikae kushoto, mtu kaiweka kulia. Kosa la mwanagenzi! Mimi nimeanza kufungua ekseli hizi wewe bado unafuliwa soksi na mama yako.

Elroy: Mama alinifulia mpaka nilipooa, kwa hiyo hujasema kitu.

Delmar: Ufunguo wa gereji wanao watu wawili tu. Wewe na binti yangu. Darlene hajui hata spana inashikwa wapi. Umebaki nani?

Elroy: Ngoja, ngoja, Delmar. [mtandao unakwaruza] ...juzi ulinipigia.

Delmar: Nini? Sikusikii.

Elroy: Nasema juzi ulinipigia simu! Ukaniambia ekseli umeshaifunga. Ulikuwa unapiga mluzi, ukasema utajikatia kipande cha pai ya tufaha kwa—

Delmar: Juzi sikukupigia.

Elroy: Delmar—

Delmar: Sikukupigia, nimesema! Usinitie wazimu! Na sikiliza ujanja wa mtu huyo. Gasketi ya kuzuia mafuta yasivuje kaikata kwa boksi la konfleksi, zile za kifungua kinywa. Ukingo umechomoza, maandishi mekundu yanaonekana. Wilaya nzima hii, nani anakata gasketi kwa boksi la konfleksi?

Elroy: [polepole] Wewe.

Delmar: Mimi! Peke yangu! Kwa hiyo kaniiga mkono, ili ionekane ni mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, Elroy. Si wewe uliyetaka kuinunua ile trekta?

Elroy: Hiyo ni habari ya zamani, bwana. Niambie, umeshamwambia mtu mwingine?

Delmar: Kwa nini unauliza? Darlene kakupigia?

Elroy: Hapana— mara moja tu. Alitaka kujua kama unakula vizuri.

Delmar: Ahaa! Kumbe mnanijadili! Mnanipikia njama kwenye chungu kimoja!

Elroy: Hakuna njama. Anakuogopea.

Delmar: Jumamosi anakuja. Na Irma ameshampa habari, yule mdomo wake hauna mlango. Darlene akiamini ni mimi niliyefunga difu kinyume, basi, kwangu kumekwisha. Kile chumba kwenye nyumba ya wazee kule mjini ameshakwenda kukitazama. Ananiambia, "Baba, kina dirisha zuri." Dirisha, Elroy! Nina shamba zima na ghala, mtu ananisifia dirisha!

Elroy: [anasukuma kando sahani ya soseji]

Delmar: Haloo? Umekata?

Elroy: Nipo.

Delmar: Mbona husemi?

Elroy: Delmar, ni mimi.

Delmar: Ni wewe nini?

Elroy: Niliyeifunga. Ulipokwenda kunyolewa. Nilitaka kukushtukiza, ukirudi uikute iko tayari. Boksi nikakata kama unavyokata, usije ukanisimanga.

Delmar: Nilijua! Nilijua tangu nilipowaona wale kuku wanaruka! Mjinga wewe! Uzee wote huo, gia kubwa unaitia kulia!

Elroy: Macho yangu haya, bwana.

Delmar: Macho au kichwa?

Elroy: Vyote viwili. Tukana tu, leo siku yako.

Delmar: Na Darlene utamwambia? Kwa mdomo wako?

Elroy: Nitamwambia. Na banda la Irma nitalijenga mimi.

Delmar: [anacheka, anakohoa] Loo. Nikwambie ukweli, Elroy, nilikuwa nimeanza kuogopa.

Elroy: Kuogopa nini?

Delmar: Hamna. Chaji inaisha, ngoja nikate. Ila, Elroy.

Elroy: Naam.

Delmar: Konfleksi zenyewe ulizitia wapi? Boksi lilikuwa limejaa.

Elroy: Konfleksi... nilizimimina kwenye bakuli. Hapo hapo jikoni kwako.

Delmar: Aa. Bakuli nililiona. [mtandao unakwaruza] Na sufuria? Ile niliyoikuta jikoni imeungua mpaka chini pametoboka, na moto bado unawaka... hiyo nayo ni wewe?

Elroy: Sufuria...

Delmar: Sema upesi, simu inakufa.

Elroy: Ni mimi. Nisamehe. Sasa nisikilize, nakuja tuifumue tena hiyo difu, mimi na wewe. Bandika kahawa ta— hapana. Hapana, Delmar, usibandike kitu. Jiko liache kama lilivyo, usiliguse. Kahawa nitakuja nayo.

Delmar: Unakuja sasa hivi?

Elroy: Nimeshavaa viatu. Kaa hapo barazani unisubiri.

Delmar: Haya. Njoo na taa yako, yangu sijui nimeiweka wapi. Na, Elroy... ya trekta mwambie. Ila Darlene usimwambie ya suf—

[Simu imezimika.]