Mukamazimpaka Béatrice, Aliyechunga Hewa ya Wenzake

Ndugu, jirani, na ninyi mliovuka daraja asubuhi hii kutoka Bukavu: huyu tunayemlaza hapa ni Mukamazimpaka Béatrice, aliyezaliwa Mururu tarehe 14 Februari 1951, mtoto wa kwanza wa Mzee Ndagijimana na Mama Gasaro.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Mururu, kisha akavuka mto kwenda kusomea uuguzi Bukavu, akahitimu mwaka 1973. Huko alijifunza kazi ya kulaza wagonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa, akarudi Cyangugu kuifanya mpaka alipougua.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na Mushagalusa Jules, mfanyabiashara wa vitenge. Béatrice hakuvumilia kuona utambi wa taa umepandishwa bure, wala makaa yakiwaka bila sufuria juu yake. Papa Jules alikuwa akimtania kwamba iko siku atampimia hata pumzi. Walicheka sana wale wawili. Lakini mimba nne zilitoka, na watu hawakukosa la kusema, jamani, tunalijua.

Mwaka 1994 ulimchukulia wazazi wote wawili. Hayo hatutayarudia hapa.

Dawa aliyotumia kazini ni halotani, maji yanayogeuka mvuke na kuvutwa na mgonjwa. Unaobaki hutoka kwenye mashine ukajaa chumbani, na kila aliyemo anauvuta. Mwaka 1995 alisoma, katika karatasi alizoachiwa na daktari mgeni, kwamba mvuke huo unashukiwa kuharibu mimba za wanaoufanyia kazi. Alikaa chini sakafuni. Uhakika hakuupata hadi kufa, na hilo ndilo lililomtafuna: hakujua amlaumu nani.

Kesho yake alinunua mpira wa maji sokoni Kamembe, akaufunga kwenye mashine na kuupitisha dirishani. Siku tatu alikuwa mwenye furaha. Siku ya nne alitoka nje, akakuta chini ya dirisha lile mama za wagonjwa wanapika maharage, na vitoto vyao vimelala kwenye mkeka. Alilia, akauvuta mpira ndani. Mwenzake Twahiru alimshauri aupandishe juu ya paa, yaishe. Aliupandisha, ila alimwambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu:

"Na ile hewa ya kule juu iko ya watu, Twahiru."

Tangu hapo alishika kutumia kidogo. Wanawake wa kuzaa kwa kupasuliwa walichomwa sindano ya mgongo, inayotia ganzi bila mvuke wowote. Aliyehitaji halotani alipewa kwa kipimo, na mashine ilifungwa mara tu uzi wa mwisho ulipopita. Wapo waliomwita mchoyo. Vita vya ng'ambo vilipolipuka mwaka 1996, na tena 1998, majeruhi wakajaa mpaka kwenye veranda, chupa za Béatrice bado zilikuwa na kitu.

Mwaka huu wa 2002 alipatwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Jumanne tarehe 5 Novemba aliingizwa katika chumba kile kile cha upasuaji, safari hii yeye ndiye mgonjwa. Kazi ilikuwa ndefu, kwa hiyo Twahiru alitaka kumlaza kabisa. Béatrice aligeuza kichwa akamwona Umwali, muuguzi aliyemfundisha mwenyewe, ameshika vyombo, ana mimba ya miezi mitano, na siku hiyo hapakuwa na mwingine wa kushika nafasi yake.

"Hapana," alisema. "Munichome ku mugongo. Umwali iko na mimba."

Alikaa macho saa mbili. Ganzi ilipoanza kuisha aliuma shuka, akamshika Twahiru mkono, na hakukubali mashine ifunguliwe. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Alifariki Alhamisi tarehe 14, Papa Jules akimpepea kwa kipande cha kitenge. Tumevunjika, wala hatuoni aibu kusema hivyo.

Ameacha mume wake, Mushagalusa Jules. Mdogo wake, Nzabonimana, anayewasomea haya. Twahiru na wenzake wote wa hospitali. Na Umwali, ambaye mtoto wake anacheza tumboni hata sasa tunavyozungumza. Béatrice anawafuata watoto wake wanne, ambao aliwahesabu kila mwaka ingawa hawakuwahi kupewa majina.

Maman Béatrice, pumzika kwa amani. Hewa ya Mururu ni safi. Sasa vuta yako.