Mzima Auawe Kabla Teksi Haijafika

Benchi letu liko mbele ya dirisha la chai la Sandra, bandarini Grimsby, limeegemea ukuta wa kiwanda cha samaki kilichofungwa kabla sijazaliwa. Upepo wa hapo unaipoza chai yako kabla haijafika mdomoni, na shakwe anakunyang'anya mkate huku anakutazama usoni kama anakudai. Si benchi la kila mtu. Ukitaka kukaa hapo sharti uwe umewahi kuuawa, au uwe mimi. Wenzangu wote, kasoro mmoja, waliuawa kwenye ile filamu ya kisasi ambayo Col Hebden, fundi lipu, aliipiga hapahapa miaka kumi na miwili iliyopita, kwa kamera ya kukodi na damu ya maji ya bitiruti. Mimi wakati ule nilikuwa mtoto na sikuigiza, lakini nimeitazama mara nyingi kuliko Col mwenyewe, ndiyo maana hapa kijiweni naitwa Profesa. Shule niliiacha kabla haijaniacha.

Kama hujaiona filamu yetu, hilo si kosa langu, na wala si wewe peke yako. Iliuzwa kwenye vituo vya mafuta, karibu na miwani ya jua. Kisa chake ni chepesi. Watu watano wanamteka mdogo wa jamaa mmoja, Trev, wanamfungia kwenye chumba cha barafu cha samaki, anafia humo. Trev anavaa koti refu jeusi anawasaka mmoja mmoja. Akimkamata mtu hamuui hivihivi. Anamsomea kwanza kosa lake, sentensi moja tu, halafu ndiyo anampa haki yake. Barry alifungiwa kwenye friji kubwa, na tangu siku hiyo hata mkewe anamwita Friji. Sandra alitupwa baharini amefungwa nanga. Huyo ni Nanga. Wawili wengine walikufa vizuri tu, wakahamia Uhispania. Trev, ambaye sisi tunamwita Kisasi, anakufa mwishoni, ufukweni, baada ya kuitazama bahari kwa muda mrefu kupita kiasi kwa sababu Col hakuwa amebakiwa na kitu kingine cha kupiga.

Wa tano ni Wilf. Siku ya kumuua Wilf ilishuka mvua ya kufa mtu, na kesho yake mwenye kamera akaifuata kamera yake. Kwa hiyo Wilf anaonekana mwanzoni, halafu basi. Mtu mmoja mtandaoni aliandika kwamba filamu si mbaya sana, ila yule mzee wa tano alikwenda wapi? Hakwenda popote. Yuko benchini, anakunywa chai bila sukari, na kijiwe kizima kinamwita Mzima.

Sasa Jumatatu iliyopita asubuhi Mzima alifika na begi dogo la nguo. Sote tulijua lina maana gani. Moyo wake umechoka, teksi ingemchukua kumpeleka hospitali, na kesho yake angefunguliwa kifua. Hakusalimia. Alikaa, akaweka begi magotini, akasema anataka auawe sasa hivi, kabla teksi haijafika.

Friji alitaka kucheka, akaona uso wa mzee, akakimeza kicheko pamoja na soseji.

Mzima akaanza kutusomea hesabu yake, na naapa alikuwa ameilalia usiku mwingi. Maureen aliyeigiza mama yake Trev, kwenye filamu alibaki hai. Leo yuko kaburini. Len aliyeigiza polisi alibaki hai, kaburini. Yule aliyeigiza kasisi, kaburini. Mbwa wa Len alipita tu nyuma ya gari, hakuguswa na mtu. Naye kaburini, chini ya mti wa tufaha wa Len.

— Sasa niambieni, akasema, ni nani aliyekufa kwenye filamu akafa kweli?

Friji alijishika mashavu kama mtu anayehakikisha mzigo umefika salama.

— Ni bahati tu hiyo, Wilf, Nanga akasema kutoka dirishani.

— Bahati gani inayochagua namna hiyo? Wewe ulizama na nanga, leo unakimbia ufukweni kila alfajiri. Huyu Friji anakula mafuta kama anamkomoa mtu, moyo wake ni injini ya meli. Mimi niliyekula kabichi maisha yangu yote ndiye nakwenda kupasuliwa.

— Kabichi haina shukrani, kipenzi, Nanga akamjibu.

— Wote mmeshakufa. Nimebaki mimi. Sitaki kulala kwenye kile kitanda nikiwa bado mzima.

Mimi ni mtu wa vitendo, nikampigia simu Col. Alikuja na lipu kwenye nyusi, akakubali kabla mzee hajamaliza kueleza. Nadhani Col alikuwa amebeba lile swali la mtandaoni miaka yote kama jiwe kwenye kiatu. Siku hizi kamera si shida, akasema, iko mfukoni. Trev akaenda kwake kuchukua koti na bastola ya plastiki. Alirudi amelivaa lakini vifungo havikutaka kabisa kukutana, nikamwambia kisasi chake kimeshiba. Akanitukana kwa upole, maana ni mtu wa kanisani.

Ubishi ukawa juu ya kifo chenyewe. Friji ndiye mwenye methali hapa kijiweni, na hajawahi hata mara moja kuipeleka methali inakotaka kwenda. Akasema wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi.

— Nina miaka sabini na minne, Mzima akamjibu. Ubichi gani?

Friji hakurudi nyuma. Akasema basi usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta ndio huu hapa nyuma yetu, umuangukie. Col akaugusa ukuta kwa kiganja cha fundi, akasema usiguswe tena na mtu yeyote, na tukasogeza benchi. Nanga akapendekeza sumu kwenye chai, halafu akakumbuka chai ni ya nani, akaomba tusahau alichosema. Mimi nikawapa kitu cha akili: tuseme Trev amekaa miaka kumi na miwili anafuga shakwe na kuwafundisha kuua. Tunampaka Mzima chipsi na siki mabegani, tunarudi nyuma, maumbile yanafanya kazi. Col alifikiri sana. Akauliza shakwe watajua saa ngapi waache. Friji akasema ni bora meli, meli nzima ipande gati usiku na kumkuta kitandani. Tukamuuliza meli tutaitoa wapi. Akasema mnaniuliza mimi, mwongozaji ni Col.

Mzima alikuwa anatazama barabara.

— Sitaki kuanguka chini, akasema taratibu. Nikianguka sitainuka, na teksi itanikuta hapo. Nipigwe risasi nimekaa. Trev anajua kazi yake.

Nanga alitoka kwake akamfunga mzee kola ya shati vizuri, akamlainisha nywele mbili tatu zilizobaki. Col akarudi hatua chache, akainua simu. Trev akasimama mbele ya benchi, koti linapepea, bastola imenyooka, na lazima niseme ukweli, nilisisimka. Yule mtu ni kipofu wa hesabu na dereva mbovu, lakini ukimvika lile koti unaanza kukumbuka dhambi zako.

Akafungua mdomo kumsomea mzee kosa lake. Mdomo ukabaki wazi.

Teksi ikasimama.

Akashuka kijana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa safi, Yousaf, mgeni hapa, amehamia kutoka Bradford. Akaona mtu wa koti jeusi amemwelekezea bastola mteja wake. Akabaki ameushika mlango wa gari.

— Bwana Blanchard ni nani?

— Mimi, Mzima akasema. Nivumilie kidogo mwanangu, nauawa.

Nanga alimuwahi kwa kikombe cha chai, akamweleza yote. Filamu, friji, nanga, mvua, Maureen, Len, mbwa, moyo. Alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia kwa mtu aliyekaa chini ya maji. Yousaf alisikiliza hadi mwisho. Hakucheka, na kwa hilo nilimpenda. Akapuliza chai yake, akauliza:

— Na huyu mzee alifanya kosa gani?

Tukageuka sote kumtazama Col. Col akashusha simu. Alisema sentensi ya Wilf alikuwa aiandike siku yenyewe, asubuhi, akiwa anakunywa chai. Ikanyesha mvua, hakuiandika.

— Yaani hukuwahi kujua? Trev akamuuliza.

— Nilijua ni wa tano.

Friji akasema kosa liko wazi, Wilf ndiye aliyeufunga mlango wa barafu. Hapo sikuweza kuvumilia. Nikamwambia wewe ndiye uliyeufunga, Friji, nimekuona mara mia, na ulijibana kidole ukasema neno ambalo Col hakulifuta. Nanga akasema basi labda ndiye aliyeendesha gari. Nikasema gari aliendesha mmoja wa wale wa Uhispania. Kila waliporusha kosa nililidaka. Usibishane nami kwenye hili.

— Haya, Profesa, akasema Trev. Wilf alifanya nini?

Na mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu tangu nizaliwe, nikatamani ningekosa. Nikawaambia. Wilf anaufungua mlango wa barafu mara moja tu. Anamwona mfungwa kwenye kona. Anavua skafu yake mwenyewe, anamzungushia shingoni, anatoka. Hakuna kingine.

— Sikumwambia afanye hivyo, Col akasema. Nilitaka achungulie tu.

— Yule kijana alikuwa anatetemeka kweli, Mzima akasema, kama anayejitetea. Ulimweka kwenye barafu ya kweli, Col.

Yule kijana ni Ricky, mdogo wake Trev wa tumbo moja. Trev hakuwapo siku hiyo ya kupiga, na kwenye ile sehemu ya chumba cha barafu, miaka yote, huwa anatoka kwenda kuvuta sigara. Hapendi kumwona mdogo wake akifa, hata kwa bitiruti. Alikuwa hajui habari ya skafu. Akasimama pale na bastola yake, upepo unamvua koti.

— Trev, Mzima akasema. Nisomee chochote.

— Wilf Blanchard, Trev akaanza kwa ile sauti yake ya filamu. Wewe ndiye...

Akajaribu tena, akafika palepale. Mzee alikuwa ameshika mishikio ya begi kwa mikono miwili.

— Nakuomba. Sema nimeiba. Sema lolote.

— Siwezi, Wilf. Mimi siui mtu asiye na kosa. Nina kitu kimoja tu cha kujivunia maishani, na ndicho hicho.

— Na nisipoamka?

Mimi nilitazama viatu vyangu, ni viatu vizuri. Trev akaitia bastola mfukoni, akapiga goti moja mbele ya benchi, goti likalia kama mlango wa zamani, akafika usawa wa uso wa mzee.

— Nenda kalale kwenye kitanda chao, akamwambia. Utafute huko kosa la maana, la mtu mzima. Ukilipata niambie, nitakuja kukuua kwa moyo wangu wote. Lakini usiniletee upuuzi.

Mzima akampa Yousaf begi. Yousaf akamshika mkono, akamfungulia mlango wa mbele, si wa nyuma, akamfunga mkanda mwenyewe. Chai ya Nanga aliibeba hivyohivyo, wakaenda.

Walimfungua Jumanne. Kutwa nzima hakuna aliyekaa. Friji hakula, na hilo wazee wa bandari wanalihadithia mpaka leo. Jioni ikaingia simu ya muuguzi kwa Nanga, Nanga akafunga dirisha la chai, akakaa nyuma yake peke yake, halafu akalifungua akatumiminia wote bure.

Sasa yuko wodini, ameshonwa kama begi la posta, na kila jioni anatuma ujumbe wa kosa lake. Alhamisi aliandika kwamba aliwahi kuchukua chupa ya maziwa mlangoni kwa jirani. Tukamwambia acha utoto. Ijumaa akasema alimwuzia mtu njiwa wa mashindano, wale wanaoachiwa mbali washindane kurudi kwao, akijua ndege huyo hana hamu ya kurudi nyumbani. Hilo lilituchukua muda, Friji akaliunga mkono kwa methali mbili zisizohusika, lakini likaanguka. Jana akaandika kwa herufi kubwa, akasema hili hapa hamtalipinga: kwa miaka arobaini alimdanganya marehemu mkewe kwamba pai yake ya samaki ni tamu.

Tulilijadili hadi chai ikaisha dirishani. Nanga alitaka ahukumiwe. Col alisema lingependeza sana kwenye kamera. Tukamwachia Trev mwenyewe, ambaye alitembea hadi mwisho wa gati akarudi, akachukua simu, akaandika kwa kidole kimoja kinene huku sote tumemwinamia begani.

Halitoshi, Wilf. Endelea kutafuta.