Eustaki Kalonje, Dereva Aliyetaka Kujua Aliye Pembeni Anaona Nini

Baba Padre, wanajumuiya, ndugu zetu Waislamu mliotoka Majengo kuja kutufariji, madereva na waombolezaji wote, mimi ni Flavian Kalonje, mdogo wake marehemu, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya kaka yetu, mengine yakiwa yameandikwa hapa, mengine nikiyasema kwa sababu niliyaona kwa macho yangu.

Eustaki Teodori Kalonje alizaliwa tarehe 12 Machi 1963 hapa Pito, mtoto wa pili kati ya saba wa marehemu Teodori na marehemu Skolastika, wakulima wa mahindi na ulezi, na mama alitusimulia kwamba tangu alipojua kusema hakuacha kuuliza, kuku akifa anataka apasuliwe aone kilichomuua. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akalima na baba, kisha mwaka 1984 marehemu Mzee Lukmani, mfanyabiashara wa Majengo mwenye malori, akamchukua kuwa utingo wa lori la dagaa wa Kirando, na tarehe 3 Mei 1989 akapata leseni na kukabidhiwa usukani.

Ndugu waombolezaji, katika kikao cha familia wengine tulitaka sehemu inayofuata tuiruke, lakini shemeji yangu, mjane wa marehemu, alisema, "Ukiiruka hiyo, Flavian, utakuwa umesoma habari za mtu mwingine," kwa hiyo naisoma. Tarehe 17 Juni 1993, saa nne asubuhi, kwenye barabara ya kuingia mjini, kaka alimgonga mwendesha baiskeli aitwaye Adriano, aliyekuwa anapeleka ulezi mashineni, akamvunja mguu wa kulia mahali pawili. Alimpeleka hospitali, akaenda mwenyewe polisi kueleza, ila jambo moja lilimnyima usingizi, kwamba alikuwa amemwona Adriano tangu mbali, na honi alipiga, sasa ilikuwaje?

Siku ya nne alikwenda wodini, akamkuta dada wa mgonjwa akimnywesha uji, naye alipotambua mgeni ni nani aliweka kikombe chini akasimama kumtoa nje, kaka akamwambia, "Dada, adhabu yoyote nitaipokea, ila nina swali moja kwa huyu ndugu." Akamgeukia mgonjwa, "Nilikuona, na honi nilipiga, kwa nini ulikuja upande wangu?" Adriano akajibu, "Ulipiga ukiwa umeshanifikia mgongoni. Nilishtuka, mikono ikageuka yenyewe. Wewe ulidhani unanionya, mimi nilidhani nakufa."

Kaka alirudi nyumbani akaazima baiskeli yangu, akafunga gunia la mahindi nyuma, akaiendesha barabara ileile siku tatu mfululizo huku malori ya wenzake yakimpita, nami nikimfuata kwa miguu nikiona aibu, na kila jioni alikuwa na jipya la kusimulia, kwamba upepo wa lori humyumbisha mwenye baiskeli, kwamba aliyebeba mzigo hawezi kugeuza shingo, kwamba pembeni kuna mashimo ambayo dereva haoni kutoka juu, na ndiyo maana mtu huingia katikati ghafla. Tangu siku hizo alipunguza mwendo kwanza, honi akaipiga fupi angali mbali, akampita mtu kwa kumwachia nafasi ya hatua mbili, na nafasi isipokuwepo alibaki nyuma yake hata kilomita nzima.

Maswali mengine aliendelea kuyapeleka wodini kila wiki, mpaka siku moja alipochelewa, Adriano akamsikia dada yake akiuliza, "Yule dereva leo haji?" Dada huyo ndiye Dominika, walifunga ndoa tarehe 5 Novemba 1994, Adriano akawa msimamizi akiwa na fimbo yake, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Mary, Benjamini na Jane, na wajukuu watano.

Njia ya Kirando wakati huo ilikuwa ya vumbi, na gari likimpita kaka alisimama pembeni mpaka vumbi litulie, hata Mzee Lukmani akalalamika, "Eustaki, wenzako wanafika saa sita, wewe saa nane, unalala njiani?" naye akajibu, "Mzee, sijui vumbi limemficha nani." Tarehe 21 Septemba 2011 basi lilimpita, akasimama kama kawaida yake, na dereva wa lori la nyuma, Abuu, alipiga honi mpaka akachoka, akashuka kumgombeza. Vumbi lilipotua, hatua kama thelathini mbele walionekana watu wanne katikati ya barabara, wamebeba machela yenye mama mwenye uchungu wa kuzaa. Abuu na kaka wakampakia mama huyo kwenye lori, akajifungua salama alasiri ile, na Abuu yupo hapa leo, ndiye aliyeniruhusu kumtaja.

Mwaka 2019 kaka alianza kuona watu wakipotea upande wa kushoto, akafumba jicho moja, akamwambia Jane apite na ndoo polepole, akahesabu ni hatua ngapi hamwoni, kisha akaenda kwa daktari wa macho na kuambiwa ana presha ya macho. Tarehe 2 Desemba alimrudishia funguo Hasna, binti wa Mzee Lukmani anayeendesha biashara sasa, naye akamsihi, "Mzee Eustaki, si bado unaona?" akamjibu, "Mwanangu, nisiyemwona ndiye nitakayemgonga."

Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka huu wa 2025, akalazwa hospitali hapa Sumbawanga tarehe 28, na wauguzi watatuthibitishia kwamba hakuna mashine waliyomfunga bila yeye kwanza kuuliza inapima nini. Padre alipompaka mafuta, kaka alimwuliza, "Baba, huko ninakokwenda kukoje?" Padre akakiri kwamba hajawahi kufika, kaka akacheka, akasema, "Basi nitaona mwenyewe." Alifariki tarehe 9 Februari, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani wa Pito kwa kuni, maji na kukesha nasi, familia ya Mzee Lukmani, na madereva wenzake waliosindikiza mwili kwa mwendo ambao yeye angeuridhia.

Pumzika kwa amani ya Mungu, kaka Eustaki, na yale uliyotaka kuyajua, uyajue.