Kle Zangu Zisigawanywe

Karibuni, wanangu, musogeze mukeka mupaka hapa kitandani, kwa sababu sauti yangu leo iko ndogo na sitaki mutu aseme kesho kwamba hakusikia. Abdoulkarim, mukubwa wangu, kaa upande wa kichwa. Sikuzani, binti yangu fundi, wewe kaa miguuni, na usinifiche mikono yako eti ina grisi. Grisi hiyo ndiyo iliwasomesha wote. Nadia, kitinda mimba wangu, umeacha wanafunzi wako Nyanza-Lac ukaja, Mungu akulipe. Domitille, muke wangu, usilie bado. Na wewe Leonsi, fundi mwenzangu, usisimame mulangoni kama mugeni. Ingia, leo wewe ni shahidi.

Sikilizeni, mimi Hamisi siondoki kinyonge. Ninaondoka nimeshinda, na mushindi akinyamaza watu wanasema alishindwa.

Mambo ya mali ni mafupi. Nyumba hii mama yenu akae ndani yake mupaka mwisho wake, na asiguswe. Michikichi muigawe kwa sheria kama shehe atakavyowaonyesha, asipunjwe mutu. Deni sina. Kilichobaki ni zile kle zangu, spana kama wanavyosema Watanzania, na hapo ndipo neno langu lilipo. Juzi nilikuwa nimefumba macho, mukafikiri nimelala, nikawasikia munazigawana. Abdoulkarim alitaka ile kle iliyopinda, Bibi Mugongo, aitundike dukani kwake Bujumbura, pale anapouza mawese. Nadia aliomba kile kioo changu, Jirani, akiweke mezani kwake. Sikuzani alikuwa anazipangusa tu. Najua mulifanya vile kwa mapenzi, kila mutu akitaka kipande cha baba, lakini roho yangu iliuma kuliko ugonjwa huu.

Hiace munaipanda tangu utoto, na nyinyi wawili hamujui moteri, hiyo injini yake, iko wapi. Iko chini ya makalio ya shoferi! Unainua kiti, unaona kichwa chake tu, na mengine yote yamefichwa katika nafasi ambayo hata panya anaingia akiomba ruhusa. Mutaka cha uvunguni sharti ainame, lakini pale hata kuinama hakusaidii. Kinachosaidia ni chombo kilichoinama kwa niaba yako. Ndiyo maana nilichukua kle mupya ya namba kumi na ine, nikaikata mukia, nikaitia katika makaa mupaka ikawa nyekundu, nikaipinda shingo, na watu wa soko wakaiita Bibi Mugongo. Jirani ni kipande cha kioo cha pikipiki nilichokifunga kwenye waya, kazi yake kuchungulia ya nyuma ya ukuta. Muvuvi ni sumaku ya redio iliyokufa, juu ya antena yake, anashuka gizani anapandisha bulo, hiyo bolti, iliyoanguka. Na Nyenje ni ile ya mukono mufupi kuliko kidole gumba, inayogeuka jino kwa jino, tiki tiki, mahali ambapo kiwiko hakina pa kwenda.

Basi mujue, hakuna hata moja inayofanya kazi peke yake. Jirani anaona, Bibi anafungua, bulo inaponyoka, Muvuvi anaileta, Nyenje anairudisha. Kidole kimoja hakivunji chawa. Bibi Mugongo akitundikwa ukutani Bujumbura atakuwa chuma kilichopinda tu, na wateja watakuuliza uliokota wapi.

Leonsi huyu ndiye alicheka siku nilipoitia kle mupya motoni. Tulikuwa na garaji moja, karibu na soko la samaki, akawaambia mashoferi kwamba Hamisi amepata wazimu, anapika vyombo. Nikakasirika, nikahamisha sanduku langu upande wa pili wa barabara, hapa nyumbani, na tangu hapo tukasalimiana kwa honi za magari ya watu. Miaka yote hiyo! Wote wawili tulikuwa wapumbavu, lakini yeye zaidi. Usikatae, Leonsi, mugonjwa habishiwi.

Halafu Mungu akapanga yake. Juma lililopita Leonsi alikuwa anamuoza binti yake Chanceline kule Nyanza-Lac, na ile Hiace ya harusi ikaanza kumwaga maji mbele ya garaji yake mwenyewe, ngoma zinalia, mashangazi wamejaa ndani na marashi yao yanageuka jasho. Duriti, ule mupira wa maji wa nyuma ya moteri, ulikuwa umepasuka, na bulo inayoushika iko upande usioonekana. Leonsi akaingiza vyombo vyake virefu vinavyong'aa, akachubuka vidole, mwishowe akasema lazima moteri ishuke chini, kazi ya mupaka kesho. Mupaka kesho, na padri anangoja! Ndipo mutu huyu akavuka barabara. Alisimama mulangoni hapo hapo, kofia mukononi, akasema: «Amahoro, muzee Hamisi. Niazime Sikuzani. Na zile kle ulizopika.»

Wanangu, maneno yale yaliniingia kuliko dawa yoyote. Sikumucheka. Nilicheka kidogo tu, kikohozi kikanikamata, lakini kilikuwa kikohozi kitamu.

Mulinibeba na kiti mupaka kibarazani, nikaona kwa macho yangu. Sikuzani akalala kifudifudi, mukono wake ukazama mupaka begani, mukono ule mwembamba aliourithi kwa mama yake, na uso umegeukia pembeni kwa sababu Jirani akishaonyesha bulo ilipo, kazi inayobaki inapapaswa. Bulo ikafunguka, ikaanguka, watu wakaguna, Muvuvi akashuka akapanda nayo. Mupira mupya ukafungwa, maji yakatulia. Mashangazi walipiga vigelegele mupaka watu wa mitumbwi wakageuka, na Chanceline akanipungia mukono mimi, mimi niliyekaa na blanketi! Leonsi akaja, akanishika mukono, akasema murakoze, asante, mbele ya soko zima. Wagombanao ndio wapatanao. Yameisha, ndugu yangu, yameisha kabisa, na nimeshinda mimi.

Sasa shehe ameniambia wazi kwamba baba hawezi kumuusia mutoto mumoja kitu peke yake, ila wenzake wakubali kwa roho safi. Kwa hiyo leo ninaomba. Chanda chema huvikwa pete. Kle zote ziende pamoja kwa Sikuzani, na garaji isifungwe. Watakaosema mwanamuke hafai, waambieni waingize wao mukono nyuma ya moteri, tuone. Nadia, unasema nini? Umekubali. Mungu akupe maisha, mwanangu, unikumbuke kwa dua, dua haiingii kutu.

Abdoulkarim, na wewe? Wewe ni mukubwa, ulifikiri chombo cha baba kinamufuata mutoto wa kwanza, na sikulaumu. Mukono wako ni wa biashara, Mungu ameubariki ukanenepa, lakini pale hauingii, baba. Nataka ndiyo yako ningali nasikia, kwa sababu nikifa bila hiyo, mutazigawa, na mimi nitakuwa nimekufa mara mbili. Nadia, maji kidogo.

Unasimama? Unaenda wapi? Aa, sanduku la kle. Lete. Lete na kitambaa chake. Hapana, usinipe mimi, mupe yeye, mukononi, Leonsi aone. Sema kwa sauti. Mumesikia wote? Amesema ndiyo! Amesema zote! Alhamdulillahi. Njoo, mukubwa wangu, nikubusu kichwa. Leo wewe umekuwa baba wa nyumba hii.

Sikuzani, usililie juu ya vyombo. Machozi yana chumvi.

Munizike mapema, bila kelele, sanda ya kawaida. Leonsi abebe jeneza upande wa mbele, na akichoka asipokelewe, hiyo ndiyo adhabu yake. Mama yenu asikae peke yake jioni. Mungu awape kazi ya halali na nyumba zenye kicheko, awape watoto watakaowasumbua kama mulivyonisumbua, na muwapende kama nilivyowapenda. Nimewasamehe. Nimewabariki... wote, na watakaotoka kwenu.

Nimechoka sasa... Nani anapiga honi huko nje? Ni mwenye ile Probox, alikuja tangu asubuhi. Musimufukuze. Enda, Sikuzani. Enda, mwanangu, kazi hainizuii kufa na kufa kwangu kusizuie kazi. Mulango... uache wazi. Nataka kusikia.